Sungura, Biskuti na Jani la Mchunga

Sungura wa kwanza wa mjukuu wangu nilimwua mimi, kwa biskuti. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa nyumbani mwangu wanalijua na hawachoki kulisimulia, na afadhali msomaji alisikie kinywani mwangu kuliko kinywani mwao. Sikukusudia kumwua. Nilikuwa namfundisha.

Mimi ni mtu wa milima ya Usambara. Shule niliyosoma ilikuwa na banda la sungura nyuma ya jiko, na sisi wanafunzi tulipeana zamu ya kuwakatia majani. Sungura wale hawakuwa na majina, kwani mtu hampi kitoweo jina. Kwa hiyo, miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu na kuhamia Tanga mjini, mwanangu alipomletea binti yake wa miaka tisa sungura mweupe mwenye masikio ya kijivu, nami nikaambiwa kwamba huyu haliwi, atakaa ndani ya nyumba, na tena anaitwa Bahati, nilicheka mpaka nikakohoa.

"Babu, mbona haji nikimwita?" mtoto aliniuliza siku ya tatu.

"Atakuja. Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, sembuse sungura!"

Nikatoa biskuti mfukoni. Zilikuwa biskuti tamu za dukani, za kunywea chai. Nilimwita jina, nikamtupia kipande. Nikamwita tena, nikamtupia kingine. Siku ya nne alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa pili wa nyumba, masikio nyuma, na mimi nikajiona bingwa. Tukaongeza. Tulimfundisha kusimama kwa miguu ya nyuma, kuzunguka kiti, kuruka kandambili. Kila tendo lilikuwa na biskuti yake, na biskuti zilipokwisha palikuwa na mkate uliochovywa kwenye chai ya sukari, na ndizi mbivu. Siku ya tisa alijikunyata pembeni mwa kabati, mgongo umepinda, akisaga meno. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Hakula, wala hakunya. Bwana mifugo alifika kesho yake asubuhi, akamkuta amekwisha kufa.

"Mzee, mlikuwa mnamlisha nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Akatazama ukutani kidogo.

"Na alikuwa anakuja ukimwita?"

"Alikuwa anakuja."

"Ee," akasema, akafunga mkoba wake.

Sungura hana matanga. Tulimzika chini ya mpera, na mtoto hakulia mbele yangu. Jioni aliniuliza swali moja tu: "Babu, Bahati alikuwa anakuja kwa sababu anatupenda, au kwa sababu ya biskuti?" Sikuwa na la kumjibu. Mwalimu asiyekuwa na la kujibu hufanya kile walimu wote wanachofanya: huenda kusoma.

Kabla sijaeleza nilichokisoma, sharti kwanza niweke sawa jambo la jina, maana Kiswahili chetu hapa kinatupoteza njia. Sisi husema sungura kwa wanyama wawili ambao si ndugu wa karibu hivyo. Yule wa hadithi zetu, anayewapiga chenga Simba na Fisi, ni sungura wa mwituni, ambaye wazee wengine walimwita kititi au kitungule. Huyo hachimbi shimo; huzaa juu ya ardhi, na watoto wake hutoka tumboni wakiwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa bandani ni mwingine. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, huishi mashimoni kwa jamaa kubwa, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Huyo aliletwa kwetu na wageni kutoka Ulaya. Kwa hiyo mtoto anayemtazama sungura wa bandani na kumfikiria mjanja wa hadithi anamtazama mtu mwingine kabisa.

Basi, mtu wa kwanza niliyemkuta katika kusoma kwangu alifuga wale wa mwituni. Alikuwa mshairi wa Kiingereza, William Cowper, aliyezaliwa mwaka 1731 na kufa mwaka 1800. Wenyewe hulitamka jina lake kama "Kupa". Wakristo wetu wanaoimba kutoka katika vitabu vya tenzi vya Kiswahili wamekwisha kuimba maneno yake pasipo kujua, kwani baadhi ya nyimbo zake za dini zimetafsiriwa. Alikaa katika mji mdogo wa Olney, jirani na rafiki yake John Newton, yule aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kisha akawa mchungaji. Na Cowper mwenyewe baadaye aliandika mashairi ya kulaani biashara ile. Lakini mwaka 1774 hakuwa na nguvu za kulaani chochote. Alikuwa ametoka katika ugonjwa mzito wa huzuni, uliomfikisha hadi kutaka kujiua, na hakuweza kusoma wala kuwa na watu wengi. Alihitaji kazi ya mikono.

Jirani yake alikuwa na watoto waliopewa mtoto wa sungura wa kuchezea. Watoto wale, anaandika Cowper, walijua zaidi kumsumbua kuliko kumlisha, na mnyama akaanza kukonda. Baba yao akaona heri ampe mshairi. Habari zikaenea kwamba bwana yule anapenda sungura, na muda si muda akawa anapelekewa sungura wengi kuliko ambavyo angeweza kuwatunza. Akachukua watatu, wote madume, akawaita Puss, Tiney na Bess. Aliwajengea vijumba kwa mikono yake, kila mmoja na chumba chake cha kulala, na jioni aliwafungulia wacheze sebuleni. Miaka kumi baadaye, mwaka 1784, aliandika habari zao katika gazeti la London lililoitwa Gentleman's Magazine. Nimeyasoma maelezo yale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Puss aliugua siku tatu. Cowper akamtenga na wenzake, akamuuguza, akamlisha majani ya namna mbalimbali mpaka akapona. Baada ya hapo mnyama alimlamba mkono: kwanza mgongo wa mkono, kisha kiganja, kisha kila kidole, kisha kati ya vidole, kana kwamba hataki kuacha mahali pasipoguswa. Cowper anasema hilo lilitokea mara mbili tu maishani mwa Puss, na mara zote mbili ilikuwa baada ya ugonjwa. Baada ya kumzoea, alianza kumbeba kila siku, wakishamaliza kifungua kinywa, mpaka bustanini, ambako Puss alijificha chini ya majani ya tango, akalala au akatafuna mpaka jioni. Na majani yenyewe ya tango aliyapenda kuyala. Haukupita muda mrefu, Puss akawa ndiye anayedai safari. Alikuwa akimpigapiga Cowper gotini kwa miguu ya mbele na kumtazama usoni. Ikiwa hilo halikutosha, aliuma upindo wa koti lake na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

Sasa, nani hapo alimfundisha mwenzake? Cowper hakuwahi kusema "nilimfundisha Puss". Alimpa anachokipenda, saa ile ile, kwa njia ile ile, kila siku, na mnyama akagundua mwenyewe kwamba lipo jambo analoweza kulifanya ili kukipata.

Lakini yuko pia Tiney. Naye aliugua, naye akauguzwa vivyo hivyo. Hakubadilika hata kidogo. Ukimgusa alinguruma, akapiga kwa miguu ya mbele, akaruka na kuuma. Aliishi zaidi ya miaka minane katika nyumba ile, akilishwa kwa mkono ule ule uliomlisha Puss, na hakuwahi kuwa rafiki. Cowper alimpenda hivyo hivyo na kucheka ukali wake. Bess naye alikuwa mpole na mcheshi tangu mwanzo, bila kufundishwa. Huyo alikufa mapema, kwa baridi aliyoipata aliporudishwa katika kijumba kilichokuwa kimetoka kuoshwa, na bado kina unyevu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Kitu kingine kilichonishika ni orodha ya vyakula. Cowper alikuwa mtazamaji mzuri kuliko wengi waliomfuata. Aliona kwamba wanyama wake walipenda mno majani ya letasi, na ya mimea miwili ya porini ambayo Waingereza huiona magugu. Mmoja wa mimea hiyo, ukivunja jani lake, hutoa utomvu mweupe, na ladha yake ni chungu. Ni jamaa ya mchunga wetu. Naam, mchunga ule ule unaopikwa kwa nazi hapa Tanga, ule ule tuliokuwa tukiukata nyuma ya shule kwa sababu sungura waliuparamia kabla ya majani mengine yote. Tulikuwa tunajua, kumbe! Mimi nilijua nikiwa na miaka kumi, na nikiwa mzee nikaenda dukani kununua biskuti.

Tena anasema hivi kuhusu tofaa: waliyapenda maganda yake yaliyokatwa membamba sana, na tofaa lenyewe hawakulitaka. Wakati wa baridi, majani yalipokuwa adimu, alichanganya maganda hayo na vipande vya karoti na mkate. Mkate leo tusingeupendekeza. Lakini Puss aliishi miaka kumi na moja na miezi kumi na moja, akafa tarehe 9 Machi 1786, mchana, kwa uzee tu, na Cowper akaiandika tarehe hiyo kwenye karatasi kama mtu anavyoandika kifo cha ndugu. Aliyefuga sungura wa mwituni miaka karibu kumi na miwili hana haja ya kufundishwa na mimi habari za mkate.

Baada ya Cowper, swali la mnyama na tonge lilihamia polepole kutoka sebuleni kwenda maabara. Sehemu hii nitaipita upesi, kwa kuwa inasimuliwa katika kila kitabu cha saikolojia. Mrusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa hutoa mate kwa ishara ya chakula kabla chakula chenyewe hakijaja. Mmarekani Edward Thorndike, mwaka 1898, alieleza jinsi alivyowafungia paka katika masanduku yenye komeo na kuweka samaki nje, akaona kwamba tendo lililoleta raha hurudiwa, na lisiloleta kitu huachwa. B. F. Skinner akaendeleza hayo kwa panya na njiwa. Aliwapa chakula kidogo sana kila mara, chembe moja tu, ili mnyama asishibe na aendelee kufanya kazi. Udogo huo wa tonge ndio niliokosa kuuzingatia. Mimi nilikuwa natoa ujira wa siku nzima kwa kazi ya sekunde tatu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Skinner alikuwa Minneapolis, katika jengo la kiwanda cha unga cha General Mills, akiwafundisha njiwa kuongoza mabomu. Serikali ya Marekani iliufuta mradi huo mwaka 1944. Lakini miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo mtu na mkewe, Keller na Marian Breland, walioona mbali kuliko mabomu. Ikiwa njiwa anaweza kufundishwa hivi bila kuchapwa, walijiuliza, kwa nini mbwa, farasi na wanyama wa sarakasi bado wanafundishwa kwa mjeledi? Wakaacha masomo ya chuo kikuu, wakaanzisha kampuni shambani katika jimbo la Minnesota miaka ya 1940. Mteja wao wa kwanza mkubwa alikuwa General Mills hao hao, waliouza chakula cha mifugo na kutaka maonyesho ya kuwavutia wakulima. Kuku wakacheza. Nguruwe wakala mezani. Baadaye walihamia mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas, na mwaka 1955 wakafungua mahali pa maonyesho palipoitwa IQ Zoo, ambapo mtu alitia sarafu, na mnyama, bila msimamizi yeyote, akafanya mchezo wake na kulipwa chakula.

Sungura alikuwa mmoja wa nyota wao. Mwaka 1954 walimfundisha sungura kwa ajili ya tangazo la televisheni la benki moja ya akiba: alibeba sarafu na kuitia kibwetani. Nampiga picha akilini, sungura akiweka akiba, na mimi hata posta sina kitu.

Walichokileta Breland, na ambacho leo kimeenea kwa wafugaji wa mbwa duniani kote, ni sauti. Chakula hakiwezi kumfikia mnyama papo hapo anapotenda jambo sahihi. Ukichelewa sekunde mbili, utakuwa umemlipa kwa jambo jingine alilokwisha kulifanya, labda kujikuna. Kwa hiyo wao walitumia mlio mfupi, "tik", uliokwisha kufungamanishwa na chakula. Mlio husema: hapo hapo, ndivyo. Chakula hufuata kwa nafasi yake. Waliuita mlio huo daraja.

Lakini heshima yangu kwao haitokani na mafanikio yao. Inatokana na makala waliyoandika mwaka 1961, ambayo kichwa chake kilikuwa mzaha kwa mwalimu wao. Skinner mwaka 1938 alikuwa ameandika kitabu kuhusu tabia ya viumbe. Wao wakaandika kuhusu utovu wa tabia wa viumbe. Wakati huo walikuwa wamekwisha kufundisha wanyama zaidi ya 6,000 wa aina 38, na wakaona wajibu wao kusema wazi mahali walipochemsha. Rakuni, mnyama mdogo wa Marekani mwenye vidole kama vya mtu, alifundishwa kutia sarafu kibwetani. Sarafu moja aliitia kwa taabu. Alipopewa mbili, hakuziachia: alizisugua moja kwa nyingine kama mchumi mbahili, akazichovya kibwetani na kuzitoa, ingawa kila dakika aliyosugua ilimchelewesha kula. Nguruwe naye alibeba sarafu kubwa za mbao vizuri wiki za kwanza. Baadaye akawa anaziangusha njiani, anazifukua kwa pua, anazirusha juu, anaziangusha tena, mpaka akawa hapati hata chakula cha kumtosha siku nzima. Rakuni alikuwa akiiosha sarafu kama aoshavyo kaa wa mtoni. Nguruwe alikuwa akifukua kama wafanyavyo nguruwe. Tonge halikuwa na nguvu ya kuwafanya waache kuwa wenyewe.

Na katikati ya orodha ya matatizo mengine, wameandika kwa maneno machache tu kwamba wapo sungura wanaokataa kwenda kwenye kihori cha chakula.

Maneno hayo machache yalinikalisha kitako. Mnyama ana njaa, ametimiza kazi yake, chakula kipo pale, na hakiendei. Breland hawakuendelea kulieleza. Mimi nina maelezo yangu, ambayo msomaji anaweza kuyakataa. Rakuni na nguruwe hutafuta chakula kwa juhudi. Sungura chakula chake ni nyasi, na nyasi hazikimbii. Ziko kila mahali. Kinachomshughulisha sungura kutwa nzima si namna ya kupata bali ni namna ya kutopatikana. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, mbele, nyuma na juu anakotokea mwewe, na mahali pekee asipopaona vizuri ni chini ya pua yake mwenyewe, ndipo hunusa na kupapasa kwa midomo. Mnyama wa namna hiyo ukimwambia "njoo hapa wazi upokee", unamwomba jambo kubwa kuliko unavyodhani. Tonge kwake si bei ya kuruka kandambili. Ni bei ya kuuweka woga kando kwa muda, na kuna siku bei hiyo haitoshi.

Sayansi ya karibuni inaunga mkono kiasi fulani. Mwaka 2018 watafiti waliolinganisha ubongo wa sungura wa porini na wa kufugwa walitangaza kwamba, katika huyu wa kufugwa, sehemu inayohusika na woga imepungua, na sehemu ya mbele inayoutawala woga imekua. Mwaka huo huo wengine waliivunja hadithi iliyokuwa ikirudiwa vitabuni, kwamba sungura alifugwa ghafla karibu mwaka 600 kwa sababu ya amri ya Papa Gregory kuhusu vyakula vya mfungo. Hakukuwa na amri kama hiyo. Kufugwa kulikuwa kwa polepole, karne baada ya karne, wasio na woga mwingi wakibaki karibu na watu. Lakini woga umepungua tu, haukutoka.

Baada ya Breland njia ile ilienea kupitia baharini. Karen Pryor aliwafundisha pomboo huko Hawaii kuanzia mwaka 1963, na kitabu chake cha mwaka 1984 kiliwafikisha watu wa kawaida kwenye mlio na tonge. Pomboo hachapiki, ukimkasirisha anaogelea akaenda zake. Sungura ni hivyo hivyo, ila yeye huenda zake chini ya kabati. Huko Sweden, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wameigeuza tabia ya sungura ya kuruka kuwa mchezo, kwa vizingiti vidogo kama vya farasi, mwenye sungura akifuata nyuma na kamba nyepesi. Mwaka 1997, nchini Denmark, sungura mmoja aliruka kimo cha sentimita 99.5, rekodi ambayo baadaye ilipitwa. Mimi na biskuti zangu tuliishia kwenye kandambili.

Sasa turudi kwenye tumbo, maana hapo ndipo kesi yangu ilipo.

Meno ya sungura huota maisha yake yote, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi. Utumbo wake umepangwa kwa ajili ya chakula kigumu, kikavu, chenye nyuzi nyingi na utamu kidogo, kinachopita bila kusimama. Kuna mfuko mkubwa ndani yake ambamo vijidudu vyema hukichachusha kile kisichoyeyuka, kisha hutoka kama vidonge laini anavyovila tena moja kwa moja kutoka mkunduni, mara nyingi sisi tukiwa tumelala. Wengi wetu hatujawahi kuona, na tukiona tunadhani ni uchafu. Ukimwaga sukari na wanga katika mfuko huo, vijidudu vibaya hustawi, hewa hujaa, mwendo husimama. Naye hawezi kutapika. Sungura asiyekula wala kunya nusu siku ni mgonjwa wa kukimbiziwa daktari usiku huo huo, si wa kusubiri kesho asubuhi. Hilo bwana mifugo aliniambia baadaye, kwa upole, siku nyingine tulipokutana sokoni.

Hata karoti, ambayo dunia nzima inaamini ndiyo chakula cha sungura, si chakula chake. Tumeipata imani hiyo kwa sehemu kubwa kutoka kwenye sinema za vibonzo. Bugs Bunny alitokea rasmi mwaka 1940 akiguguna karoti, na watengenezaji wake walieleza kwamba waliuiga mtindo huo kutoka kwa mwigizaji Clark Gable, aliyekula karoti huku akizungumza katika sinema ya mwaka 1934. Kwa hiyo tunawalisha wanyama wetu kwa kumfuata Clark Gable. Mzizi wa karoti una sukari. Kipande cha ukubwa wa ukucha ni kitamu cha kutosha, kama ilivyo kwa ndizi au tofaa lisilo na mbegu. Majani ya karoti, ambayo wauzaji sokoni huyakata na kuyatupa, ndiyo mazuri, na huombwa bure. Giligilani, mnanaa, mrehani, na mchunga, jani moja moja, vyote vinafaa. Biskuti, mkate na ugali havifai, na parachichi na kitunguu ni sumu. Na juu ya hayo yote nyasi kavu, kutwa na usiku, bila kipimo. Kitamu ni bakshishi juu ya nyasi, hakishiki nafasi ya nyasi.

Ulipita mwaka mzima kabla mjukuu wangu hajakubali sungura mwingine. Safari hii ni jike, mweusi. Ana jina, lakini kwa wiki mbili za kwanza mtoto alikataa kuniambia jina hilo, na mimi sikulidai.

Tuliandikiana masharti, yeye na mimi, akayabandika ubavuni mwa kabati. Babu haruhusiwi kumwita. Babu anakaa mkekani na kusoma gazeti. Nikakaa mkekani siku kumi na moja, kiuno kikiniuma, na sungura akija na kunusa soli ya mguu wangu, kisha akikimbia. Siku ya kumi na mbili niliruhusiwa kuweka jani la mchunga kando yangu, bila kuangalia. Baadaye jani likawa juu ya goti, kisha mkononi. Kidude cha mlio hatukununua. Mtoto hupiga ulimi, "tk", na sungura anajua. Tunafanya dakika tano, kabla ya mboga za jioni, na akigeuza mgongo tunaacha. Sasa huja kwa mtoto karibu kila akiitwa, huingia mwenyewe katika kikapu cha kwendea kwa daktari, na hupanda mizani kupimwa uzito, jambo ambalo wajukuu wengine wa nyumba hii wanalipigia kelele.

Swali lake la zamani hajaniuliza tena. Mara moja nilimsomea habari za Puss na upindo wa koti, nikamsomea na habari za Tiney. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Tiney alizikwa vizuri. Nikamwambia kwamba bwana wake alimwandikia shairi la kaburini. Akaridhika.

Leo asubuhi mtoto yuko shuleni, nami, kinyume cha masharti, nimeita. Mara ya kwanza masikio yaligeuka tu. Mara ya pili alitoa kichwa. Mara ya tatu alitoka, akaja mpaka kwenye mkeka kwa hatua za kusitasita, akanyoosha shingo mpaka nikaona nyuma yake yote imekaa tayari kurudi, akalishika jani kwa ncha ya midomo, akageuka nalo na kwenda kulila chini ya kabati.